Margherita wa Castello, mtoto aliyefichwa na wazazi wake

1. Boma la Metola

Zamani, katika milima ya nchi ya Italia, palikuwa na boma la mawe lililoitwa Metola. Mwenye boma aliitwa Parisio, na mke wake aliitwa Emilia. Walikuwa watu wa ukoo mkubwa, wenye mashamba, watumishi na askari. Watu wa vijiji vya pale waliwaheshimu na kuwaogopa.

Mwaka 1287 Emilia alizaa mtoto wa kike. Siku ya kuzaliwa kwa mtoto ni siku ya furaha katika kila nyumba, lakini ndani ya boma la Metola hapakuwa na furaha. Mtoto yule alikuwa kipofu. Mgongo wake ulikuwa umepinda, na mguu wake mmoja ulikuwa mfupi kuliko mwenzake. Hata alipokua, alibaki mfupi sana.

Alibatizwa, akapewa jina la Margherita. Jina hili latoka katika neno la Kilatini ambalo maana yake ni lulu. Lulu ni kitu cha thamani kubwa, na wenye lulu huitunza. Lakini Parisio na Emilia hawakuona lulu katika mtoto wao. Waliona aibu tu.

2. Mawazo ya watu wa siku zile

Kwa nini wazazi wamwonee mtoto wao aibu? Ili kulifahamu jambo hili, yafaa kujua mawazo ya watu wa zamani.

Warumi wa kale, zaidi ya miaka 400 kabla ya kuzaliwa kwa Yezu Kristu, walikuwa na sheria zilizoandikwa juu ya mbao 12. Sheria moja ilisema kwamba mtoto aliyezaliwa na kilema kikubwa auawe upesi. Baba alikuwa na uwezo juu ya maisha ya watoto wake. Wengine waliwatupa watoto wachanga njiani au jalalani, na watu waliopita hawakuona kuwa ni jambo la ajabu.

Wakristu walilikataa tendo hilo tangu mwanzo. Walifundisha kwamba kila mtoto, mzima au kilema, ameumbwa na Mungu. Basi mwaka 374 Kaisari Valentiniano alitoa amri kwamba anayemwua mtoto mchanga ahukumiwe kama mwuaji mwingine yeyote.

Lakini sheria huandikwa siku moja, na moyo wa mtu hugeuka polepole. Siku za Margherita watu hawakuruhusiwa tena kumwua mtoto kilema. Hata hivyo wengi waliendelea kudhani kwamba kilema ni adhabu ya dhambi ya wazazi. Walisahau habari ya Injili, ya mtu aliyezaliwa kipofu. Wanafunzi walimwuliza Yezu ni nani aliyekosa, mtu yule au wazazi wake. Yezu aliwajibu kwamba si yeye aliyekosa, wala si wazazi wake.

Tena watu waliona kwamba mambo ya nyumba ni ya mwenye nyumba. Baba akimpiga mtoto, akimnyima chakula au akimfungia, jirani aliinamisha kichwa akapita. Ikiwa baba huyo ni mkubwa mwenye askari, nani angethubutu kumwuliza? Hivyo mtoto aweza kuteswa katikati ya watu wengi, na kila mmoja akajua, na asiwepo hata mmoja wa kusema.

3. Chumba kando ya kanisa

Miaka ya kwanza Margherita alilelewa bomani. Alijifunza kutembea kwa kupapasa kuta kwa mikono. Alikuwa mtoto mwenye akili, mwepesi wa kushika alichofundishwa. Lakini kadiri alivyokua, ndivyo baba yake alivyozidi kuogopa kwamba wageni watamwona, nao watalicheka jina la ukoo wake.

Yasimuliwa kwamba Margherita alipokuwa na umri wa miaka kama 6, baba yake alitafuta njia ya kumwondoa machoni pa watu. Katika msitu palikuwa na kanisa dogo. Kando ya ukuta wa kanisa hilo Parisio alijengesha chumba chembamba. Akamwingiza mtoto ndani, kisha mlango ukazibwa kwa mawe. Palibaki tundu la kupitishia chakula, na dirisha dogo lililoelekea ndani ya kanisa.

Fikirini maisha ya mtoto yule. Watoto wengine wa umri wake walicheza, walikwenda kisimani, walikaa na mama zao jioni. Yeye alikuwa peke yake. Wakati wa baridi milima ile ina theluji, na mawe huwa baridi kama barafu. Wakati wa joto chumba kidogo ni kama tanuru. Hakuiba, hakutukana, hakumpiga mtu. Kosa lake lilikuwa moja tu, kwamba hakuzaliwa kama wazazi wake walivyotaka.

Na wale waliojenga chumba, je, hawakujua? Walijua. Na mtumishi aliyeleta chakula, je, hakusikia sauti ya mtoto? Alisikia. Lakini katika habari zote za Margherita hatajwi mtu mmoja aliyemzuia Parisio.

Hata hivyo Mungu hamtupi mja wake. Dirisha lile dogo lilikuwa kwa Margherita kama mlango wa mbinguni. Kwa dirisha hilo alisikia Misa na kupokea sakramenti. Yasimuliwa kwamba padri wa kanisa lile alimfundisha dini, naye alishika yote kwa upesi. Alijifunza kusali. Alijifunza kwamba Yezu naye alikataliwa na watu wake, akateswa bila kosa. Neno hili lilimtia nguvu. Wazazi wake walimfungia ili asionekane na mtu, lakini alijua kwamba Mungu anamwona.

4. Chini ya ardhi

Miaka ikapita. Kisha vita viliingia katika nchi ile. Parisio alihama na watu wake, akaenda kukaa katika mji wa Mercatello wenye kuta imara. Hakuweza kumwacha Margherita msituni, basi akamchukua. Lakini huko mjini watu ni wengi, na aibu yake iliongezeka. Kwa hiyo alimfungia tena, safari hii katika chumba cha chini ya ardhi.

Huko hapakuwa na dirisha la kanisa. Hapakuwa na Misa, wala padri wa kumfundisha. Kwa Margherita hilo lilikuwa teso kubwa kuliko njaa na baridi. Alikaa humo akisali na kungoja.

5. Safari ya kwenda Castello

Habari ikafika Mercatello kwamba ng'ambo ya milima ya Apennini, katika mji uitwao Città di Castello, wagonjwa wanaponywa. Mji huo uko katika bonde la mto Tiber, mto ule ule unaopita Roma. Huko alikuwa amezikwa mtawa mmoja wa shirika la Mtakatifu Fransisko, jina lake Giacomo. Watu walikuja kutoka mbali kusali penye kaburi lake.

Parisio na Emilia waliwaza kwamba huenda mtoto wao naye atapona. Wakamtoa shimoni, wakasafiri naye mpaka Castello. Margherita alikuwa sasa msichana mkubwa. Wakampeleka kanisani, wakamweka kati ya wagonjwa wengine karibu na kaburi, wakangoja.

Margherita hakupona. Macho yake hayakufunguka, mgongo wake haukunyoka.

Basi wazazi wake walifanya tendo baya kuliko yote waliyotenda mbele. Walimwacha pale. Hawakumpa fedha, hawakumtafutia nyumba, hawakumkabidhi kwa mtu. Walirudi kwao wakavuka milima. Margherita alingoja asikie sauti zao, lakini hazikuja. Alikuwa kipofu, katika mji asioujua, kati ya watu asiowajua. Wazee husema kwamba uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi. Lakini uchungu wa Margherita wazazi wake hawakutaka kuujua.

6. Maskini wamsaidia

Ni nani waliomsaidia kwanza? Si wakubwa wa mji, wala si matajiri. Walikuwa maskini. Waombaji waliokaa penye milango ya makanisa walimwonyesha njia na mahali pa kulala. Kisha wanawake wema walianza kumpokea nyumbani mwao. Nyumba moja ilimweka siku kadhaa, na ilipokosa chakula nyumba nyingine ilimwita. Wenyewe hawakuwa na vingi, lakini waligawana naye kidogo walichonacho.

Hapo ndipo mawazo ya watu wa Castello yalipoanza kugeuka. Mwanzoni walimwona kilema tu, wakamhurumia au wakamcheka. Lakini waliokaa naye nyumbani waliona mambo mengine. Waliona kwamba halalamiki. Waliona kwamba anawapenda watoto, anatuliza ugomvi, anawafariji wagonjwa. Yasimuliwa kwamba alipoulizwa habari za wazazi wake hakuwalaani, bali aliwaombea.

Watu walianza kujiuliza moyoni. Msichana huyu amekuwa baraka katika nyumba zetu. Imekuwaje wazazi wake wamfiche kama kitu kichafu? Mtu akikijua kilema peke yake huogopa. Akimjua mtu mwenyewe, hofu huondoka.

7. Anafukuzwa tena

Katika mji ule palikuwa na monasteri ya masista, nayo iliitwa kwa jina la Mtakatifu Margherita. Masista waliposikia sifa za msichana kipofu walimkaribisha akae nao. Alifurahi sana. Alidhani kwamba sasa amepata nyumba ya kudumu.

Lakini masista wale walikuwa wamelegea katika kushika kanuni yao. Margherita aliishika yote: kusali kwa saa yake, kunyamaza kwa saa yake, kufunga kwa siku yake. Hakumkaripia mtu, lakini mwenendo wake ulikuwa kama taa inayoonyesha uchafu wa nyumba. Masista walichukizwa, na mwisho walimfukuza.

Hivyo aliachwa mara ya pili, na sasa na watu waliojiita watu wa Mungu. Nao wenye maneno mengi mjini walisema kwamba bila shaka kosa ni lake, kwa kuwa masista hawafukuzi mtu bure. Ndivyo ilivyo mara nyingi: mnyonge akitendewa ubaya, watu hutafuta kosa kwake, ili wasiwe na lazima ya kumtetea. Margherita hakujitetea. Siku zilipopita, ukweli ulijulikana, na watu wa Castello walimpenda kuliko mbele.

8. Katika nyumba ya Venturino

Baadaye mtu mmoja, jina lake Venturino, pamoja na mke wake Grigia, walimchukua akae kwao daima. Walimpa chumba kidogo juu ya nyumba. Sasa Margherita alikuwa na nyumba, tena yenye mlango uliofunguka. Alitoka alipotaka na kurudi alipotaka.

Aliingia katika kundi la wanawake wa shirika la Mtakatifu Dominiko. Wanawake hao hawakukaa katika monasteri. Walivaa kanzu nyeupe na joho jeusi, wakaishi nyumbani mwao kwa sala na kazi za huruma. Wengi wao walikuwa wajane, lakini walimpokea Margherita ingawa alikuwa msichana.

Kila siku alikwenda kusali katika kanisa la watawa wa Mtakatifu Dominiko. Alijua Zaburi nyingi kwa moyo, yeye ambaye hakupata kuona herufi hata moja. Yasimuliwa kwamba aliwasaidia watoto wa Venturino katika masomo yao na kuwarudi kwa upole walipokosa. Alikwenda kwa wagonjwa na kwa watu wanaokufa. Alikwenda gerezani pia, maana mtu aliyefungwa miaka mingi ajua haja ya wafungwa.

Alimpenda sana Mtakatifu Yosefu. Jambo hili si la ajabu. Yosefu alipewa mtoto asiyemzaa mwenyewe, akampokea, akamtunza, akakimbia naye usiku ili asiuawe na Herode. Margherita alikosa baba wa namna hiyo hapa duniani, kwa hiyo alimtazama Yosefu.

9. Kifo chake

Margherita alikufa tarehe 13 Aprili 1320, akiwa na umri wa miaka 33. Habari ilipoenea, mji mzima ulikusanyika. Watawa walifikiri kumzika kwa unyenyekevu, kama ilivyokuwa desturi kwa watu wa hali yake. Lakini watu walikataa. Walitaka azikwe ndani ya kanisa, mahali palipowekwa wakubwa na watu wenye sifa. Walipaza sauti mpaka wakapewa walichotaka. Yasimuliwa kwamba wakati ule ule msichana mmoja bubu, asiyeweza kutembea, aliletwa karibu na maiti yake, naye akapona.

Tazameni jinsi mawazo ya watu yanavyoweza kugeuka. Alipokuwa mtoto, hapakutajwa mtu mmoja aliyesema kwa ajili yake. Alipokufa, mji mzima ulisema kwa ajili yake. Baba yake alimjengea chumba kando ya kanisa ili asionekane. Watu wa Castello walimzika ndani ya kanisa ili asisahauliwe.

Maisha yake yaliandikwa kwa Kilatini. Mwaka 1558 kaburi lake lilifunguliwa, na mwili wake ukakutwa haujaoza. Mwaka 1609 Papa Paulo wa Tano alimkubali kama mwenye heri. Na tarehe 24 Aprili 2021 Papa Fransisko alimwandika kati ya watakatifu wa Eklezia nzima. Mwili wake umewekwa katika kanisa la Mtakatifu Dominiko huko Castello. Majina ya wakubwa wengi waliogopwa siku zile yamepotea. Parisio mwenyewe, aliyeogopa kwamba mtoto kilema ataharibu jina lake, ajulikana leo kwa sababu moja tu: alikuwa baba yake Margherita.

10. Fundisho

Wazazi wamepewa watoto na Mungu ili wawatunze. Hawakupewa ruhusa ya kuwatesa. Mtoto kipofu, kiziwi, kiwete au mzito wa akili ana haki ya kula, kuvaa, kufundishwa na kupendwa, sawasawa na ndugu zake. Kumpiga kwa sababu ya kilema chake, kumfungia ndani wageni wanapokuja, kumnyima shule, kumtupa njiani, yote haya ni dhambi. Tena ni kosa mbele ya sheria. Katiba ya Kongo ya mwaka 2006, katika kifungu cha 41, yakataza kumtupa mtoto, kumtesa, na kumsingizia uchawi. Tena mwaka 2009 iliwekwa sheria nyingine ya kumlinda mtoto.

Katika nchi yetu pia wako watoto waliofukuzwa nyumbani kwa sababu ya kilema au ugonjwa wa kifafa, na watu wakasema kwamba ni wachawi. Kilema si uchawi, wala kifafa si uchawi. Wenye kusema hivyo huwapa wazazi wakali sababu ya kuwa wakali zaidi.

Na majirani je? Hawawezi kusema kwamba jambo hilo haliwahusu. Ukimya wa watu wa Metola ulikuwa kama jiwe moja katika ukuta ule uliomziba Margherita. Anayejua kwamba mtoto anateswa amwambie mwalimu, padri, masista au mkubwa wa kijiji. Na mwanafunzi aweza kuanza leo hii hii: asimcheke mwenzake kilema, amshike mkono njiani, akae naye darasani, acheze naye. Hujafa hujaumbika, na hakuna ajuaye kesho atakuwa na mwili gani.

Maneno

Boma: nyumba yenye kuta imara ya mtu mkubwa na askari wake.
Joho: vazi refu la kujifunika juu ya kanzu.
Kupapasa: kugusa polepole kwa mikono ili kutambua kitu.
Kumsingizia mtu: kusema kwamba amefanya jambo asilolifanya.
Monasteri: nyumba ya watawa.

Maswali

1. Margherita alizaliwa mwaka gani, na wapi? Wazazi wake waliitwa nani?
2. Sheria ya Warumi wa kale ilisema nini juu ya mtoto mwenye kilema? Kaisari Valentiniano aliamuru nini?
3. Kwa nini Parisio alimfungia mtoto wake?
4. Dirisha dogo la chumba lilimsaidia Margherita namna gani?
5. Wazazi walifanya nini Margherita alipokosa kupona huko Castello?
6. Ni nani waliomsaidia kwanza? Kwa nini jambo hili ni la kukumbuka?
7. Kwa nini masista walimfukuza?
8. Mawazo ya watu wa Castello yaligeuka kwa sababu gani?
9. Mtumishi aliyemletea Margherita chakula angeweza kufanya nini?
10. Andika mistari mitano: wewe ukijua kwamba mtoto kilema anateswa nyumbani kwao, utafanya nini?